Mvua Ndani ya Vanishi

14 Juni

Daftari hili kanunua Ofelia, mke wangu, kwa muuza misumari, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi pamoja na kalamu.

"Mvua zimeanza," akasema. "Hutapuliza vanishi mpaka sijui lini, na mimi masikio ninayo mawili tu. Yatakayozidi mwambie huyu."

Basi daftari, karibu. Mimi ni Librado Equihua, mpiga vanishi wa Paracho, mji ambao kila nyumba ya pili inatengeneza magitaa, na nyumba ya kwanza inasema yake ni bora kuliko ya hiyo ya pili. Shule niliachia darasa la nne kwa kuwa mwalimu alichoka kabla yangu. Lakini nimepiga vanishi Chicago, nimepiga Los Angeles, na kule El Paso nilipiga kaunta ya baa ndefu kiasi kwamba mlevi wa mwisho alikuwa akimtumia salamu mlevi wa kwanza. Magitaa yaliyopita mikononi mwangu, nilipofika elfu nne niliacha kuhesabu. Ukiweza kunyoa ndevu kwa kujitazama kwenye uso wa gitaa, jua hilo ni langu.

Mvua imeingia saa tisa alasiri, kama mfanyakazi wa serikali anayetoka.

15 Juni

Mvua.

17 Juni

Leo amekuja Mwalimu Delfina Ornelas kutoka Uruapan, mikononi ana kasha la gitaa lililofunikwa na koti lake, yeye mwenyewe kalowa chapachapa.

"Fundi Librado, naona umri haujakuharibu."

"Mwalimu, mimi ni kama vanishi yangu."

"Basi pole," akasema, akafungua kasha.

Nilicheka nusu. Nusu nyingine ikakwama. Lilikuwa gitaa lililojengwa na Nabor Cuiriz, ambalo nililipiga vanishi mimi mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Pembeni limebanduka mahali patatu, moja kubwa kama dengu, mawili kama chawa. Hayo madogo. Usoni ndiko kulikokuwa na msiba: nyufa zimetoka kwenye daraja la nyuzi zikatambaa mpaka tundu, kama tope la bwawa lililokauka.

"Tarehe kumi Agosti, maonyesho ya magitaa, wanafunzi wangu ishirini na wawili watapiga hapa uwanjani kwenu," akasema. "Mimi ndiye nitakayewaongoza. Siwezi kusimama mbele ya mji wa magitaa na hiki kitu hivi."

"Mwalimu, utalichukua tarehe tano, uchane nywele ukijitazama humo."

Akashusha sauti. "Nimewaambia watu wote Uruapan wasinunue kwa Nabor. Lakini sauti yake naipenda. Sijui kwa nini."

Nikamwambia kila mtu ana udhaifu wake.

18 Juni

Mvua. Nimefikiri nieleze jambo moja, asije akasoma mtu wa mbali akadhani Nabor ni adui yangu.

Nabor ni baba wa ubatizo wa binti yangu. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa: yeye anajenga gitaa, mimi napiga vanishi. Na kwa desturi yetu hapa, ndani ya gitaa, pale unapochungulia tunduni, inabandikwa lebo yenye jina la aliyelijenga. Aliyepiga vanishi hana jina popote. Watu wanajiona kwenye kazi yake, halafu wanasoma jina la mwingine. Ndiyo maana wapiga vanishi tunasema sana. Lazima jina letu litoke mahali fulani.

Miezi sita baada ya Mwalimu Delfina kulinunua gitaa lile, alilirudisha lina ufa mmoja karibu na daraja. Nilikuwa kwa kinyozi, Toribio, kidevu kimejaa povu. Watu wakauliza, kulikoni? Nikasema, "Mbao za Nabor bado zina majani." Basi. Mzaha tu, kwamba ni mbichi, hazijakauka. Duka zima la kinyozi likacheka, mtu mmoja akadondosha kofia. Kufikia Jumapili Nabor alikuwa ameitwa "Majani" na mji mzima. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Siku moja alikwenda mpaka Uruapan nyumbani kwa mwalimu, akaomba gitaa, akaingiza kisu tunduni, akabandua lebo yake mwenyewe. Sasa anakereza pia, vile vichezeo vya mbao vya watoto vya kuzungusha. Tunasalimiana kwa kidevu.

Ni mtu wa kununa. Alikuwa hivyo hata zamani.

20 Juni

Kazi imeanza. Kwanza nimegusa chini ya daraja kwa pamba yenye thina, mahali pasipoonekana. Vanishi ikalainika ikanata. Vizuri, ingekuwa ile ngumu ya viwandani isingesikia thina wala maji ya moto. Yangu inayeyuka, maana yake inaweza kuungana tena.

Mabanduko matatu nimeyasafisha kwa ncha ya wembe, nikadondosha vanishi kwa kijiti cha kuchokolea meno, tone moja moja, mpaka likavimba juu kidogo ya usawa. Halafu unangoja. Likikauka linadidimia. Unaongeza. Unangoja. Likijaa, unachukua wembe, unafunga selotepu ncha zote mbili ubaki wazi katikati tu, unakwangua kile kivimbe bila kugusa majirani zake. Halafu msasa laini wa maji, halafu kitambaa na dawa ya kung'arisha. Huoni kitu. Nimeshawafichia watu makosa ambayo wake zao wenyewe hawakuyaona.

21 Juni

Mvua. Nimegusa tone kuona kama limekauka. Halijakauka. Sasa lina alama ya kidole changu.

22 Juni

Nimeanza upya lile la dengu. Ofelia amesema ningezaliwa kuku, nisingeangua yai hata moja, ningekuwa nalifungua kila saa kuona kama kifaranga amekaa vizuri.

26 Juni

Mabanduko yamejaa. Leo nimegeukia nyufa. Brashi nyembamba, thina na vanishi kidogo, unapitisha juu ya ufa, kingo zinalainika zinakutana zinashikana mikono. Nimefunga nyufa thelathini na moja. Jioni uso ukawa kitu kimoja. Nimemwita Ofelia aje aone. Kaona. Kasema ugali wa mahindi unaungua.

28 Juni

Nyufa zimerudi. Zote. Na mbili mpya.

1 Julai

Nimezifunga tena. Mvua kutwa, baridi ya mlimani inaingia mpaka chini ya kucha. Nimetembea kutoka meza hadi mlango, mlango hadi meza, mpaka Ofelia akauliza kama nimeanza kupima nyumba ili niiuze.

3 Julai

Zimerudi.

5 Julai

Nimepuliza kidogo kwenye kipande cha ubao kupima hali ya hewa. Vanishi imegeuka nyeupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Ndivyo inavyokuwa mvua ikinyesha: unyevu wa hewa unaingia ndani ya vanishi kabla haijakauka, unabaki humo kama ukungu. Mtu mwenye akili anaweka pampu chini anangoja jua. Nimeweka pampu chini. Zimebaki siku thelathini na moja kabla ya tarehe tano Agosti.

9 Julai

Leo nitaandika kirefu, na mwandiko utavumiliwa.

Asubuhi niliamua kuumaliza ubishi. Nilijiambia: nyufa zinarudi kwa sababu mbao chini yake zimepasuka. Nitabandua vanishi pale kwenye ufa mkubwa, nitie gundi kwenye mbao, nifunge kwa kibano, mambo yaishe. Nikaingiza ncha ya wembe chini ya ukingo. Kipande cha vanishi kikatoka kizima, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Chini yake mbao ilikuwa nzima.

Nikavaa miwani. Nikaleta taa. Nikapitisha ukucha mara kumi. Nikasugua unga wa penseli, kwa sababu unga huingia hata kwenye ufa usioonekana. Haukuingia popote. Nikabandua mahali pengine, na pengine. Msonobari mweupe, mistari yake imenyooka kama ya daftari hili, hauna hata mkwaruzo.

Halafu nikaangalia nyufa zinavyokwenda. Mbao ikiwa mbichi inasinyaa, inapasuka kufuata mistari yake. Mtoto wa Paracho anajua hilo kabla hajajua kujifunga viatu. Nyufa hizi zinakata mistari. Zinakwenda kulia na kushoto kama barabara za kichaa. Wiki mbili nimekuwa nazifunga moja moja, mimi fundi wa Chicago, na sikutaka kuona zinaelekea wapi.

Nikachukua kile kipande nikakiinua dirishani. Ni kinene. Vanishi nzuri ya gitaa inatakiwa kuwa kama ngozi ya kitunguu. Hii ni kama kwato. Na ndani, ukikilaza kwenye mwanga, kuna mistari mitatu myeupe, mmoja juu ya mwingine. Ukungu.

Nakumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi kabla ya maonyesho. Nabor alikuwa amenipa gitaa mapema, wiki tatu kabla. Mimi nilichelewa, nilikuwa nasimulia habari za El Paso mahali fulani. Desturi ni mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba kwa siku. Mimi nilipuliza mikono mitatu minene alasiri moja, mvua inapiga bati juu ya kichwa changu. Wa kwanza ukaingia ukungu, nikaufunika kwa wa pili. Wa pili ukaingia ukungu, nikaufunika kwa wa tatu. Kwa juu nikang'arisha mpaka likawaka. Mwalimu Delfina alilinunua asubuhi yake, akijitazama humo na kutengeneza kola.

Mvua ya mwaka ule imo humu ndani. Nimeishika kwa vidole viwili.

10 Julai

Mvua.

11 Julai

Mvua. Sijafanya kazi.

12 Julai

Nataka kuandika kwamba sikudanganya, kwamba nilitania tu kabla ya kuangalia. Nimeandika, nimesoma, nimeona nilijua kidogo. Si sana. Lakini ulimi ulikimbia kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinaufukuza.

15 Julai

Nimemwambia Ofelia. Alikuwa anafunga korunda, unga wetu wa mahindi wa kuchemsha, kwenye majani ya mahindi, hakuinua kichwa.

"Alhamisi ile nilikwambia ungoje," akasema.

"Hukuniambia."

"Nilikwambia mara mbili. Mara ya pili ukasema wanaume wa Los Angeles hawangoji." Akafunga nyingine. "Na sasa umemwambia nani?"

"Daftari. Na wewe."

"Nabor hasomi daftari lako."

Nikamwambia lakini nyufa zenyewe naweza kuzimaliza: nikikwangua juu nikapuliza mkono mmoja mnene, mwalimu hatajua, Nabor hatajua, na gitaa litang'aa. Ofelia akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuongea. Tuna miaka thelathini na nane ya ndoa na sikumbuki siku nyingine aliyonyamaza kwa sauti kubwa hivyo.

19 Julai

Leo nimekwenda kwa Toribio kunyoa. Nilijiambia nitasema palepale nilipolisema lile la kwanza, kwenye kiti kilekile. Kwa kweli nilikwenda huko kwanza kwa sababu kwa Nabor niliogopa.

Walikuwepo watu saba. Nikangoja shavu moja linyolewe, nikasema, "Sikilizeni. Lile gitaa la mwalimu wa Uruapan, mbao hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilipuliza mikono mitatu mvuani."

Halafu Toribio akasema, wembe hewani, "Librado amekosea. Jamani, andikeni tarehe."

Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama kaunta ya El Paso nayo ilipasuka, ndiyo maana nikarudi nyumbani usiku usiku. Nikasema, nasema kweli. Wakacheka zaidi. Nikainuka na povu shavu moja, nikawaambia kwa ukali, nyie, nasema kweli. Toribio akashika ukuta kwa mkono.

"Basi, basi," akasema akifuta macho. "Utanifanya nimkate mtu."

Nimerudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja. Miaka yote nimekuwa nawaza kwamba watu hunisikiliza.

22 Julai

Nimekwenda kwa Nabor na gitaa chini ya koti la mvua.

Alikuwa anakereza pia moja. Nilisimama mlangoni mpaka mashine ikazimwa, si kwa ajili yangu. Ni pia tu iliyokuwa imekwisha. Karakana ile naijua tangu ilipokuwa imejaa magitaa yananing'inia kama nyama buchani. Sasa rafu zote ni pia, nyekundu na kijani.

"Kama umekuja kununua pia, chagua," akasema.

"Nimekuja na gitaa la Mwalimu Delfina."

"Hilo si langu. Halina jina langu."

"Nabor. Angalia hapa tu, halafu unifukuze."

Alifuta miwani kwa pindo la shati. Akainama. Mimi nikaanza kueleza, hali ya hewa, thina, jinsi vanishi ya siku hizi isivyo kama ya zamani.

"Nyamaza kidogo, Librado."

Nikanyamaza. Akapitisha ukucha kwenye mbao palipobanduliwa. Akachukua kipande changu cha vanishi, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakilaza hivi na hivi.

"Mikono mingapi?"

"Mitatu."

"Siku ngapi?"

"Alasiri moja."

"Na mvua."

"Na mvua."

Akaketi kwenye kigoda. Akaokota pia moja akawa anaizungusha vidoleni.

"Baada ya lile neno lako la majani," akasema, "nilipanda darini. Nilikuwa na mbao za uso kumi na nne. Baba alizipasua mwaka niliozaliwa. Nilizigonga moja moja. Zote zililia vizuri. Nikajiambia, basi masikio yangu ndiyo mabovu, maana mji mzima hauwezi kukosea. Nikampa mke wangu apikie."

Nikavua kofia.

"Ziliwaka bila moshi. Nilikaa palepale jikoni nazitazama. Mbao mbichi ina moshi mpaka unalia machozi. Zile hazikutoa moshi hata wa kumfukuza nzi. Niliona kwa macho yangu haya, na bado sikuyaamini. Niliamini mzaha wako."

"Nabor, nitawaambia watu."

"Umeshawaambia. Toribio alikuja hapa kunisimulia. Alicheka mpaka akakohoa." Akainuka, akawasha mashine. Juu ya mlio wake akasema, "Nenda na gitaa lako."

23 Julai

Mvua.

24 Julai

Mvua. Miaka yote hiyo niliita kununa. Mtu ameketi jikoni anaamini kwamba masikio yake yameoza.

27 Julai

Nimeliweka gitaa mezani nimelitazama. Nina siku tisa. Naweza kulifanya liwake. Nina mkono wa kufanya hivyo kuliko mtu yeyote katika jimbo letu lote la Michoacán, na hilo si majivuno, hilo ni tatizo.

1 Agosti

Mwalimu Delfina kaja kuangalia. Nimemweleza yote nimesimama, kofia mkononi, kama ninasoma shairi mbele ya darasa lake. Alitulia mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka kumi na moja," akasema, "nimekuwa nikiwazuia watu kwenda kwa fundi ambaye hakukosea chochote."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa maneno yako."

"Ndiyo."

"Na unataka nini kwangu? Nikusamehe, au nini?"

"Nataka ruhusa ya kuivua vanishi yote usoni. Wazi, mbele ya watu, waone kilicho chini. Litakuwa jeupe. Halitang'aa. Mvua hizi siwezi kupuliza tena mpaka Oktoba, na tarehe kumi utapiga na gitaa lililo uchi."

Alifunga koti vifungo vyote, polepole, mpaka nikadhani anaondoka na gitaa lake.

"Nililipenda kwa sauti," akasema. "Kioo ninacho nyumbani."

5 Agosti

Maonyesho yamefunguliwa. Nimeweka meza yangu chini ya paa la Toribio, mlangoni kabisa, mahali ambapo kila anayekwenda uwanjani lazima anikwepe. Toribio hakutaka.

"Unazuia wateja."

"Wateja wako hawana nywele. Sogea."

Nimeanza kukwangua kwa chuma chembamba, kingo kwenda katikati. Vanishi inatoka kama mba. Watu wanasimama, wanauliza. Nawaambia. Wanatabasamu wanangoja mwisho wa kichekesho. Nawapa kipande cha vanishi mkononi, nawaambia kiinue juani kama jua lipo. Mvua ya saa tisa imeturudisha ndani.

6 Agosti

Nimefika kwenye daraja. Mafundi wawili wa upande wa kanisani walisimama muda mrefu. Mmoja akaomba wembe wangu, akabandua mwenyewe, akaangalia chini. Akamtazama mwenzake. Hawakucheka. Fundi hamchekei fundi mwenzake akiwa na wembe.

7 Agosti

Leo uso wote umekuwa wazi. Nimefuta vumbi kwa kitambaa. Toribio alitoka kumwaga maji, akasimama. Nikamwambia, "Wewe unajua ngozi. Pitisha kidole." Akakausha mkono kwenye aproni, akapitisha gumba lake, lile la kutafutia ndevu zilizobaki, kutoka juu mpaka chini. Akarudia akiwa amefumba macho.

"Hapana ufa mahali popote," akasema.

"Ndivyo nilivyowaambia tarehe kumi na tisa."

"Tulidhani unatania."

"Na miaka kumi na moja iliyopita mlidhani nini?"

Akaingia ndani na ndoo tupu. Baadaye nikamsikia akimwambia mteja aliyetaja jina la Majani, "Anaitwa Nabor." Akasema kwa sauti ya kawaida, akaendelea kunyoa.

10 Agosti

Wanafunzi ishirini na wawili wamevaa mashati meupe, magitaa yao yanawaka, na katikati yao Mwalimu Delfina na gitaa rangi ya unga. Watu walinong'ona. Halafu akapiga.

Mimi nimelisikia gitaa lile likiwa jipya, na halikuwahi kulia hivyo. Ile vanishi yangu ilikuwa blanketi. Miaka kumi na moja lilikuwa linaimba chini ya blanketi, na bado mwalimu alilipenda. Mtangazaji akauliza kwenye kipaza sauti ni kazi ya nani. Mwalimu akainama, akasema jina lote, Nabor Cuiriz Huipe, wa Paracho. Kisha akasema aliwahi kuwaambia watu wengine jambo lingine, na kwamba alikosea.

Nabor hakuwepo. Ilikuwa siku yake kubwa ya kuuza pia zake.

18 Agosti

Mvua.

2 Septemba

Mvua. Nabor amepita. Hakunisalimu. Lakini amepita upande huu wa barabara.

16 Septemba

Mvua na fataki za sikukuu ya uhuru, zote zimelowa. Ofelia amepika mchuzi mwekundu wa nyama, akatenga bakuli, akalifunika, akampelekea mke wa Nabor bila kuniuliza. Bakuli limerudi limeoshwa, na ndani mna pia moja ya kijani. Nimeizungusha mezani. Inasimama muda mrefu sana kabla ya kuanguka. Hata upuuzi anautengeneza vizuri, mtu huyu.

9 Oktoba

Siku ya tano bila mvua. Mwalimu ameniletea gitaa. Mkono wa kwanza, mwembamba, nusu ya nilivyotaka.

10 Oktoba

Mkono wa pili. Sijagusa wa kwanza kuona kama umekauka. Nimekwenda kukaa jikoni. Ofelia ameuliza kama naumwa.

19 Oktoba

Limekwisha. Si kioo cha kunyolea. Ukijitazama unajiona kama mtu unayemfahamu kidogo.

Nabor amekuja. Sikuwa nimemwita. Alishika gitaa akalizungusha, akalinusa, akachungulia tunduni, pale penye alama nyeupe ya gundi iliyobaki. Akatoa lebo mfukoni. Karatasi ya zamani, imepinda kona, jina lake kwa wino wa buluu. Kumbe aliitunza. Akaniomba penseli. Chini ya jina lake akaandika kwa herufi ndogo: *Vanishi: Librado Equihua*. Miaka arobaini kazini, sijawahi kuandikwa ndani ya gitaa.

Nilianza kumshukuru.

"Si zawadi," akasema, akipaka gundi. "Ni ili safari hii likipasuka wajue wa kumuuliza."

27 Oktoba

Jua. Nabor amefika na mkokoteni wenye mbao za msonobari, zimepasuliwa jana, zinavuja utomvu.

"Umejisifu miaka yote kwamba chumba chako cha vanishi ndicho kikavu kuliko vyote Paracho," akasema.

"Ndivyo kilivyo."

"Tutaona."

Tumezipanga juu, pale dari ya ndani, vijiti katikati ili hewa ipite. Hakuniachia kupanga hata moja. Mimi nilikuwa namkabidhi tu. Zilikuwa kumi na nne. Nilizihesabu kimoyomoyo, na nadhani aliniona nikihesabu.

"Miaka mitano zikauke," akasema. "Usiziguse."

"Nitakuwa na sabini na moja."

"Mimi sabini na mbili. Usiziguse."

Ubao wa mwisho ulikuwa na kitawi kimeng'ang'ania ukingoni, kibichi kabisa, na majani yake. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Hizi ndizo zenye majani," akasema. "Haya. Sasa sema."

Sikusema kitu.

28 Oktoba

Jua. Nimepanda kuziangalia mara nne. Sijazigusa.